Godoro la Upepo la Kulalia Matanga

Mbwana alikuwa kwenye pantoni ya Kigamboni akirudi kwenye matanga ya mkwewe. Alifumba macho kutafuta usingizi alionyimwa na jamvi, lakini wanawake wawili wasiojuana wakamnyima na huo kidogo.

Wa baibui alikuwa amepakata godoro la upepo, mtumba wa wazungu wapanda milima, limekunjwa dogo kama boflo. "Naenda kulala matanga, mwenzangu, na kiuno changu hakijui adabu. Hili jepesi, kama sijabeba kitu."

"Likijaa linafika wapi?" aliuliza wa kitenge. Akaonyeshwa shubiri nzima. "Khaa! Wafiwa wako chini, wewe uwe juu yao? Hakukuwa na jembamba?"

"Lilikuwepo. Nikalilalia palepale sokoni, nyonga ikagusa sakafu."

"Ndiyo matanga hayo! Nyonga iguse sakafu!"

Mbwana, ambaye yake ilikuwa ikigusa tangu mazishi, aliona mila iko kwa wa kitenge na akili iko kwa wa baibui.

"Na kulipuliza je? Watu wanalia, wewe unapuliza?"

"Si nitapuliza wakilia! Nani atasikia?"

Pantoni ikagota gati, ubishi ungali mbichi. Wa baibui akamgeukia Mbwana. "Baba, kwa marehemu mzee Jabiri ni njia ipi?"

"Shikamoo, shangazi. Ndiko niendako, lete nikubebee." Akalipokea godoro, akasubiri wa kitenge atangulie, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama lile jembamba, la mila na akili pamoja, bado lipo sokoni.