Ndoo ya Asali Iliyorudi Goweko

Shikamooni wazee wangu. Rika langu, mwangaluka. Wa kanisani na wa msikitini nimewasalimu kwa pamoja, maana kipimo cha sukari hakiulizi mtu anasali wapi.

Mwenyekiti wa mkutano wetu huu wa habari za sukari kaniambia nisimame niwaeleze habari za mguu wangu. Nikamjibu, mimi ni fundi wa kushona, maneno yangu hutoka nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Akasema simama hivyohivyo. Basi nimesimama, na huku kusimama kwenyewe ndiyo habari yenyewe.

Wengi mnanifahamu hapa Isevya. Tangu usichana naimba kwaya. Sauti yangu ni ya kawaida, sidanganyi mtu, ila miguu nimejaliwa. Ngoma ikilia, mstari wa mbele ni wangu. Mtu akisimama pale simsemeshi, namwangalia tu mpaka ahame mwenyewe. Mnacheka, lakini wapo humu niliowahamisha.

Nilipokutwa na sukari nilirudi nyumbani na vidonge na maneno ya daktari: meza dawa, acha vitu vitamu, tembea. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini tunalo grupu letu kwenye simu, la wanakwaya wa zamani. Wengine wamehamia Mwanza, wengine Kigoma, wengine Dar. Asubuhi ni picha za maua, mchana ni dawa. Ukiandika kichwa kinauma, hujaweka simu chini umeshaambiwa uchemshe majani ya mpera. Mimi niliandika tu, "Jamani, nimekutwa na sukari." Lo! Maji ya bamia. Mlonge. Siki. Mmoja wa Dar akasema nisile chochote cheupe. Nikamuuliza, na kabichi je? Hajanijibu mpaka leo.

Walipishana kwa yote, wakakubaliana kwa moja: asali. Ndugu zangu, nawaambia, ninyi ni watu wa Tabora, mnanielewa. Kwetu mtoto akikohoa ni asali, mtu akiungua ni asali, mzazi akijifungua ni asali. Ukimwambia mtu wa huku kwamba asali ni sukari, atakuuliza umekuja lini. Grupu zima likaandika, "Achana na sukari ya dukani, tumia asali yetu ya porini, ile haina sukari." Tamu vile, halafu haina sukari! Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Nina shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Jina simtaji, ila yumo humu ndani na ameshaanza kuangalia viatu vyake. Anafuga nyuki Goweko. Yeye alishauri kwa herufi kubwa, tena hakuishia kuandika. Aliniletea ndoo imejaa hadi kwenye mfuniko, asali nyeusi, yenye kaharufu ka moshi. Nilifurahi mno.

Basi ikawa chai kwa asali, uji kwa asali, kiazi nachovya kwenye asali. Nikienda kwa watu natoa kichupa changu kwenye mkoba, nasema, "Hapana mama, mimi sukari niliacha." Wananisifu, nami najisikia mtu mwenye msimamo.

Kisha nikanunua viatu vipya vya kwaya, vikanichubua. Kidonda kidogo tu, kama punje ya hindi. Hakikupona. Nikauliza grupu. Wakasema kipake asali. Nikapaka! Kidonda kikapanuka. Nikaanza kuchechemea, mwisho nikatoka mstari wa mbele nikawekwa kwenye benchi. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika moyo. Wenzangu wanacheza mbele ya macho yangu, mimi napiga makofi nimekaa. Niliwaonea wivu mpaka nikalia, watu wakadhani wimbo umenigusa.

Nikaenda kliniki. Nesi akapima, akapima tena. "Mama, unakula nini?" Nikasema sukari sijaigusa kabisa. Akaomba kadi. Ile kuitoa kadi kwenye mkoba, kichupa kikatoka nayo kikaanguka mezani.

"Hii nini?"

"Dawa."

Akafungua, akanusa. Weee! Benchi zima la foleni likaingilia. "Nesi, hiyo ni asali ya huku, haina neno." Mzee mmoja akasema, "Msamehe, si mwenyeji huyu." Nesi akacheka. "Mimi ni wa Sikonge, baba. Kwetu mizinga iko mpaka nyuma ya nyumba. Asali hii ni safi, ni nzuri, na ni sukari." Halafu akaniinamia, akasema taratibu, "Mama, mguu huu tukiendelea hivi, tutakuja kuzungumza habari ya kuukata."

Nilirudi nyumbani nikaketi mbele ya ile ndoo. Mnajua mila zetu. Zawadi ya asali hairudishwi, na aliyeitoa haji kuidai. Nikiirudisha, nimemtukana shemeji yangu. Nikiigawa, habari zitafika Goweko kabla yangu. Nikiiacha ndani, najijua mwenyewe. Nikabonyeza simu nikatuma sauti kwenye grupu, nalia: "Jamani, ile asali ni sukari. Mguu wangu unaondoka. Naogopa. Naombeni msiniandikie dawa nyingine."

Grupu likawa kimya. Grupu lile! Nikajua nimewaudhi wote, na shemeji nimempoteza.

Siku mbili zikapita, asubuhi nikasikia hodi. Shemeji. Kaja na treni, mikono mitupu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimefuata ndoo yangu."

Majirani walikuwa bombani, wakasikia. Mmoja akashika mdomo. Yeye akaingia jikoni, akatoka nayo, akasema kwa sauti ili wasikie vizuri, "Semeni nimemnyang'anya mjane asali. Semeni tu. Mimi nautaka mguu wake." Nilifurahi kuliko siku aliyoileta, mpaka nikalia.

Nikamlazimisha anywe maji kwanza. Akanywa jagi zima, akaomba jingine. Nikamwangalia. Nikamwambia, "Shemeji, kiu hii naijua. Twende." Tukaenda kliniki, mimi nachechemea, yeye ndoo kichwani. Alipopimwa, nesi akatazama kipimo, akaitazama ndoo, akasema, "Karibu, baba." Tulicheka tukashika mbavu, maana la kufanya jingine hatukuwa nalo.

Kuanzia hapo nikawa msikivu. Kidonda nikawa nasafishiwa kliniki, vidonge nikameza, chai nikainywa chungu huku nimekunja uso. Nesi aliporuhusu nitembee, nikaanza kwenda taratibu hadi Gongoni na kurudi. Siku ya kwanza nikapiga picha viatu vyangu, vimejaa vumbi, nikaituma kwenye grupu bila neno. Kesho yake, Mwanza wakatuma vya kwao. Kigoma nao. Yule wa kabichi akatuma raba nyeupe pee, tukamwambia hizo hazijatoka nje ya mlango. Sasa hivi maua yamekwisha kwenye grupu letu, asubuhi ni viatu tu, na mtu asipotuma anapigiwa simu kuulizwa kama ni mzima.

Nakushukuru nesi wangu, ulinipa ukweli bila kunidhalilisha. Nalishukuru grupu langu, lilinipotosha kwa upendo, na kwa upendo uleule likatembea nami. Nakushukuru shemeji, uliyekubali kusemwa. Nyuki bado anafuga, asali anauza, yeye mwenyewe haionji.

Kwenu nina neno moja. Mtu akikupa ushauri, mshukuru, anakupenda. Halafu ubebe ushauri huo mpaka kliniki, nao ukapimwe.

Mguu wenyewe ndio huu. Kidonda kimefunga, mnaona kovu tu. Jana nesi aliniambia, "Mama, cheza." Shemeji, acha kuangalia viatu, ngoma iko hapo nyuma yako, piga. Na wewe dada uliyesimama mstari wa mbele, mimi nakuangalia tu.