Talaka Tatu kwa Kiko

Mama zangu, dada zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mnanijua: mimi ni yule anayekaa karibu na mlango na kuondoka wa kwanza. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilifika juzuu ya pili tu, kisha nikaolewa, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitabu. Mmeniomba niseme jinsi nilivyoachana na tumbako, kwa sababu wapo wawili hapa wanaotaka kuiacha na wanaona haya. Waone haya wale wanaowacheka. Mimi nitasema yote, hata yale ya kunifedhehesha.

Nilianza nikiwa msichana, kwetu upande wa Nyangwe. Bibi yangu alikuwa akinituma nimwashie kiko, na kila nilipokiwasha nilivuta kidogo ili moto ushike. Nilipoolewa hapa Kasongo nilikuja na kiko changu mwenyewe: kibuyu cha maji, kichwa cha udongo, utete wa mwanzi. Mume wangu ni msafiri wa pembe za ndovu, mnamjua, akienda pwani anapotea miaka mitatu, minne. Kabla ya safari moja alileta mke wa pili kutoka Kabambare, akamwacha kwangu, akafunga mizigo yake akaondoka.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikumtaka. Siku tatu sikumsemesha. Siku ya nne, alasiri, nimekaa barazani na kiko changu, akaja akasimama pembeni.

"Dada, naweza kukaa?"

"Unavuta?"

"Ndiyo."

Nikampa. Akavuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikamcheka. "Tumbako ya kwenu ni ya watoto?"

"Ya kwetu ni laini," akasema, akafuta macho, akavuta tena.

Basi tukaanza hivyo. Kila alasiri, tukitoka kwenye mpunga, yeye alitia kaa la moto, mimi nikavuta kwanza, kisha yeye. Tulimcheka mume wetu, jinsi anavyowaamrisha kuku uani kama wapagazi. Alinieleza habari za mama yake, nami nikamweleza habari za watoto wangu wawili waliokufa, ambazo sikuwa nimemweleza mtu. Nilipata rafiki, tena ndani ya nyumba yangu, mahali ambapo wote mlisema nitapata adui.

Kisha ikaja ndui. Mnakumbuka jinsi wagonjwa walivyopelekwa vibandani, ng'ambo ya kijito. Alipopelekwa mwenzangu, mimi niliruhusiwa kukaa naye, kwa kuwa uso wangu huu uliumwa ndui zamani na haiumi mtu mara mbili. Nilikaa naye siku kumi na moja. Nilivuta kiko ili kufukuza harufu. Siku za mwisho nilikuwa nikimwekea utete mdomoni, nikidhani ninamfariji, naye akageuza uso. Nilisema moyoni, nguvu zimemwishia. Akafa akiwa ameushika mkono wangu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka. Waliokuja kutoa pole walimpa pole shemeji yangu, kwa niaba ya kaka yake aliye safarini. Mimi nilipelekwa jikoni nipike wali wa wageni. Nikilia juu ya sufuria, jirani mmoja akanisukuma bega: "Wewe! Unalilia nini? Mume amebaki wako peke yako. Ungekufa wewe, yeye angepiga vigelegele."

Wakacheka. Wengine wenu mlikuwepo. Sisemi jina.

Mke akifiwa na mume anakaa eda. Anaachwa akae, anyamaze, watu wanamletea chakula. Mke akifiwa na mke mwenzake hana chochote. Hana siku hata moja. Kesho yake nilikuwa shambani. Basi nikachukua kiko kiwe msiba wangu, maana mtu akiwa na macho mekundu na kiko mdomoni hakuna anayemuuliza kitu. Nilikiita kiko cha marehemu. Zamani nilivuta alasiri tu, sasa nikavuta asubuhi, adhuhuri, na katikati ya mstari wa mpunga. Mwaka wa pili sikuweza kumaliza mstari bila kukaa chini. Kwenye sala nilikohoa mpaka wanawake wa safu yangu wakawa wanasogea. Mwaka wa tatu nikaona damu kwenye leso, nikaogopa.

Nikaamua kuacha, na hapa nilifanya kosa ambalo nadhani ni mwanamke wa Kasongo tu anayeweza kulifanya. Nilijisemea: kama watu hawakunipa eda, nitajipa. Nitaikalia tumbako eda, miezi minne na siku kumi, kama nimefiwa na mume. Nikafunga uzi ukutani, kila siku fundo moja. Nilivumilia. Niliuma kucha, nikapika chakula kikaungua, nikamtukana shemeji yangu bila sababu, lakini sikuvuta. Fundo la mwisho lilipofika, majirani walikuja, wakaniogesha, wakanipaka mafuta, wakaniimbia kama mwanamke anayetoka eda. Tulicheka sana. Na mwanamke akitoka eda, yuko huru, si ndiyo? Anaweza kuolewa tena. Mmoja akanipa kiko chake: "Haya bibi harusi, vuta mara moja, umeshatoka."

Nikavuta. Kabla ya jua kuchwa nilikuwa nimevuta mara saba.

Mnacheka. Chekeni. Mimi nililia. Mtu anayehesabu siku za kuacha anahesabu siku za kurudi, na mimi nilikuwa nimefunga mafundo ya kurudi kwangu moja moja, kwa mkono wangu, na kuyatazama kila asubuhi.

Msimu wa kiangazi, wachuuzi wa chumvi walikuwa wanakwenda Kabambare. Nikamwomba shemeji ruhusa nifuatane nao, nimpelekee mama wa marehemu vitu vya mwanawe: kanga, shanga, na kile kiko nilichokiita chake. Alikubali, akanipa na mtu wa kunibebea. Njiani nilikuwa wa mwisho kila siku. Vilima vya kule vilinivunja. Wapagazi wenye mizigo kichwani walikuwa wakinisubiri mimi niliyebeba kibuyu.

Mama yake ni mwanamke mfupi, mkavu, anafinyanga vyungu. Alipokea kanga akaibusu. Alipokea shanga akazivaa papo hapo. Nilipompa kiko akakigeuza, akakinusa, akanirudishia.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha marehemu, mama. Tulikuwa tunavuta pamoja."

"Mutoto wangu?" Akanitazama kama nimetukana. "Mutoto wangu alikuwa anakimbia moshi wa baba yake. Alikuwa analala nje."

Nikasema, hapana mama, alivuta kila siku, nilimwona kwa macho yangu.

Akasema: "Alinitumia maneno kwa watu wa msafara. Alisema, mama, muke mwenzangu iko mukali, hasemi na mimi. Iko na kiko tu. Nimejifunza kuvuta, sasa anasema na mimi."

Wenzangu, nilikaa chini pale kwenye udongo wake. Yule binti alinidanganya kwa neno moja, "ndiyo," ili apate mahali pa kukaa. Nikamkumbuka anavyokohoa siku ile, na mimi ninacheka. Nikamkumbuka kibandani, anageuza uso, na mimi ninamsukumia utete mdomoni. Mtu anakufa, na bado nampa kitu asichokitaka, nikijiita muuguzi. Kisha miaka mitatu ninavuta kwa jina lake! Kiko kilikuwa changu tangu mwanzo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya maiti.

Mama yule aliniacha nilie. Nilipotulia akaniuliza, bila ukali: "Unamulilia nani, wewe? Mutoto wangu ao tumbako?"

Nikasimama. Mnajua kwamba mwanamke hatoi talaka. Mwalimu akinisikia ataniita mbele ya watu, na aniite. Nilikishika kile kiko kwa mikono miwili nikasema kwa sauti, mbele ya mama, na shangazi wa marehemu, na majirani waliovutwa na kilio changu: "Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha." Mara tatu. Talaka moja mtu anarejea, na mimi nilikwisha kurejea. Tatu hazina marejeo.

Shangazi akadakia: "Ee, lakini kikiolewa na mwingine kisha kikaachwa, utaweza kukirudia!"

Wote wakaangua kicheko, hata yule mama. Nikachukua jiwe nikavunja kichwa cha udongo, nikavunja utete juu ya goti. Kibuyu mama akanipokonya. "Kibuyu ni kizuri, usivunje. Nitaweka mbegu za maboga. Na harufu hii, mududu hatakaribia."

"Basi kimeolewa," shangazi akasema, "na mbegu hazitoi talaka."

Nilikaa kwake siku tisa, nikifinyanga vyungu vibaya, na kila siku alinieleza habari za mwanawe. Hiyo ndiyo eda niliyoikosa. Sikufunga uzi.

Msidhani nilirudi mzima. Kikohozi kilikaa misimu miwili. Na alasiri ya kwanza nyumbani mikono yangu yenyewe ilitafuta kiko, kama mtu anayetafuta mtoto gizani. Nikakaa palepale barazani, saa ileile, mikono mitupu, nikaanza kumzungumzia marehemu kwa sauti: leo angesema hivi, leo angecheka vile. Wapita njia wakasema nimechanganyikiwa. Waliokuwa wakivuta nami wakaja kunichokoza.

"Umekuwa mwalimu sasa? Moshi wetu unanuka?"

"Unanuka vizuri sana," nikawaambia, "ndiyo maana nakaa upande huu."

"Vuta kidogo tu, nani atajua?"

"Mimi."

Mmoja akanipulizia moshi usoni. Nilisimama, nikamwambia anaweza kupuliza mpaka kesho, mimi si mjane wa kiko, nimekiacha mwenyewe. Kisha nikakaa tena, na sikuvuta. Kesho yake alikuja tena, akaweka kiko chake nje ya ua, akaingia, akakaa. Mpaka leo anakiacha nje. Hajaacha kuvuta na sikumwambia aache.

Namshukuru huyo anayeacha kiko nje. Namshukuru shemeji yangu aliyeniruhusu kusafiri na kunisamehe matusi. Namshukuru mama wa Kabambare, ambaye alikuwa na haki ya kunifukuza na akanipa udongo nifinyange. Mwenyezi Mungu amrehemu binti yake.

Nanyi wawili mnaoona haya, neno langu ni hili. Kabla hujaacha tumbako, ijue inashika nafasi ya nani, kisha mpe huyo mtu nafasi yake waziwazi, hata watu wakikucheka. Anayetaka kumlilia mke mwenzake amlilie. Hakuna aliyetupa siku, basi tuzichukue. Na usiache kwa hesabu. Mimi sijui nimeacha siku ngapi, na mkiniuliza sitawajibu.

Je, siitamani tena? Leo asubuhi nimeitamani, nilipopita kwa jirani na moshi ukanifikia. Nimeitamani sana. Nimemlilia mwenzangu njia nzima mpaka hapa, na sikuvuta.