Meza ya Kusimamia

Mgeni rasmi, umetukuta tumetulia vitini. Usidanganyike, ni kwa heshima yako tu.

KARIBU
Sisi ni wanafunzi wazima wa darasa la jioni. Wengi wetu shule ilitupata kama manyunyu: darasa moja huku, nusu kule, kisha maisha yakatuita. Tumerudi na mvi zetu, na utukutu hatukuuacha nyumbani.

TULIKOTOKA
Walimu wawili wakali walitushindwa, wala hatuwalaumu. Fundi bomba alimkosoa mwalimu kabla sentensi haijaisha. Mama muuza mkaa aligombana na kila aliyecheka. Dereva mstaafu, aliyezoea safari, hakai kitini. Akiinuka yeye, na sisi hao, tunainuka.

Ndipo akaja mwalimu huyu, binti wa rika la wajukuu zetu. Hakufoka. Hutupokea mlangoni, mmoja mmoja, akiuliza habari za nyumbani. Mwenye hasira huiacha kizingitini. Fundi alipewa kazi ya kuwinda makosa ubaoni, na makosa mwalimu huyaweka makusudi. Mama akihisi damu inapanda, hufunika daftari kama ishara. Mwalimu humtuma bombani akachote maji ya kunywa, anarudi amepoa.

Dereva aliwekewa meza nyuma kabisa, imeinuliwa kwa matofali, asome amesimama. Tukadhani mzee mwenzetu kaadhibiwa, tukabeba mikoba tuondoke. Mwenyewe akatuzuia:

“Kaeni nyinyi. Miguu yangu ikisimama, kichwa kinakaa.”

MATUNDA
Fundi sasa husubiri sentensi iishe. Mama hucheka akikosea. Dereva amemsomea mkewe gazeti zima, hadi matangazo ya vifo, mpaka mama wa watu akaomba apumzike.

KINACHOTUUMA
Mkaguzi alikuta mmoja amesimama, mmoja yuko bombani, mmoja anabishana na ubao. Akasema hapa hakuna nidhamu. Sasa tunasikia mwalimu atahamishwa, aje mkali. Mheshimiwa, wakali tulishawamaliza.

OMBI
Ni moja: tuachie mwanetu. Jana tulimuuliza kama anataka kwenda. Akasema, “Wazee wangu, somo bado,” akaendelea kufuta ubao, palepale palipokwisha kuwa safi.

Kabla hujaamua, simama kwenye meza ile ya nyuma, utuone tukisoma. Dereva amekubali kukuazima meza yake kwa jioni moja.

Mungu akufikishe salama, na siku ukirudi, huyu binti akupokee mlangoni.

Ni sisi,
Watukutu wa Darasa la Jioni