Sufuria za Harusi na Kompyuta Iliyonyamaza

Wapendwa, nimesimama hapa na furaha nyingi mpaka mwenyekiti ameninong'oneza nifupishe. Nitajaribu. Mke wangu pale nyuma ameshaanza kucheka, maana anajua mimi na kufupisha hatujawahi kuelewana.

Wengi wenu mnanijua kama yule mzee anayefundisha vijana kompyuta hapa Laini Saba, Kibera. Mnafikiri nilizaliwa nikijua. Ndugu zangu, nawaambia, kulikuwa na wakati kompyuta ilitaka kunirudisha kwetu Magharibi na nguo zangu ndani ya gunia.

Ilikuwa miaka ya themanini, kompyuta bado ni chache mjini. Nilipata kazi kwa kampuni moja ya vipuri vya magari. Kila asubuhi nilikuwa naiuliza mashine swali moja tu: oda za leo zinataka vipuri gani, na viko rafu gani kule stoo? Oda zilikuwa kwa faili moja, vipuri kwa faili lingine, na mimi ndiye niliyeandika maneno ya kuyakutanisha. Mwanzoni oda zilikuwa chache, majibu yakatoka haraka, nami nikavimba kichwa. Baba ya mchumba wangu, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware, akasikia kwamba mkwe wake anaongea na kompyuta. Basi alitangaza kwa kinyozi, kwa bucha, hata kanisani wakati wa matangazo!

Halafu oda zikaongezeka. Naandika swali langu lilelile, nabonyeza, na mashine inanyamaza. Madereva wanapiga honi nje, wateja wanatukana kwa simu. Mimi nikasema mashine ni dhaifu, inunuliwe kubwa zaidi.

Meneja akanitazama vizuri. "Kijana, tulipokuwa tunanunua hii ulisema hakuna kama hii. Harusi yako si ni Jumamosi? Enda uoe. Ukirudi, hawa madereva wakingoja tena hivi, tunarudia kadi zetu za kuandika kwa mkono, na wewe utafute kazi ingine."

Niliogopa, wapendwa, siwadanganyi. Nilienda kuoa nikimficha mkwe wangu kwamba ile kompyuta yake ya kujivunia haisemi nami tena.

Harusi lakini ilifana! Na mnajua desturi yetu, hakuna anayenunua vyombo vya harusi. Kila mama anaazimisha sufuria yake, na chini ameweka alama yake: tone la rangi, mkwaruzo wa msumari, msalaba mdogo. Za Kibera zilipelekwa Kawangware kwa mkokoteni, za Kawangware zikatoka ploti za jirani, na watu waliposhiba zote zikaoshwa zikawa mlima mmoja uani kwa mkwe.

Kesho yake baada ya ibada nikajitolea kuzirudisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtoroka mkwe, alikuwa anataka nimweleze kompyuta inakula nini. Nikachukua sufuria moja, nikabisha mlango wa kwanza. "Mama, hii ni yako?"

"Bwana harusi! Ai, hii si yangu, lakini ingia unywe chai."

Nikanywa. Mlango wa pili, chai. Wa tatu, chai na mandazi. Nikimpata mwenyewe, narudi kwa ule mlima, nachukua sufuria nyingine, naanza tena mlango wa kwanza. Kufika mchana tumbo lilikuwa linacheza kama mtungi, na mlima uko palepale.

Mke wangu, bibi harusi wa siku moja, akatoka nje akaniangalia. "Kwani wewe unapeleka kila sufuria kwa kila mlango?"

"Sasa nitajuaje ya nani?"

"Si uangalie alama kwanza! Na hizi za Kibera unazizungusha huku za nini? Ziweke kando, leo tunarudisha za hapa." Akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi nikasimama na sufuria mkononi kama nimepigwa na umeme. Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeiambia ile mashine! Chukua kila oda tangu kampuni ianze, ibishie hodi kwa kila kipuri, halafu ukimaliza kuzunguka kote, nitolee za leo. Haikuwa dhaifu, masikini. Ilikuwa inatii, inakunywa chai nyumba zote. Nikapiga kelele "Nimepata!" na mama mkwe akauliza kama chai ilikuwa na kitu ndani.

Niliporudi kazini niliandika upya. Kwanza tenga oda za leo, zingine ziache zilale. Halafu kila oda iende moja kwa moja kwa kipuri chenye namba yake. Na vile vipuri nikavitengenezea mpangilio wa namba, ili mashine ijue mlango bila kuuliza. Nikabonyeza. Kabla sijafikia kikombe changu, printa ikaanza kulia.

Meneja akaja mbio. "Imeharibika?"

"Hapana, mzee. Imemaliza."

Watu wa stoo walicheza, mimi nikalia. Machozi ya furaha, bila aibu.

Lakini hiyo siku mteja mmoja alipiga simu, oda yake haikuwa kwa karatasi. Kumbe kipuri chake kilikuwa kimeisha na kufutwa kwa faili la vipuri, na mashine ukiiambia ikupe tu waliokutana, yule aliyekosa mwenzake inamwacha nje kimya. Nikaongeza maneno: na wasio na mwenzao, niwaone pia.

Hilo ndilo neno langu kwenu. Ukichoka sana, angalia kwanza kama unabisha milango isiyo yako. Na tukijipanga hapa, yule asiye na mtu wake tusimwache nje. Asante mzee meneja, popote ulipo, kwa kunipa nafasi ya pili. Asante mke wangu, na uendelee kunicheka.

Tulirudisha sufuria zote isipokuwa moja. Haina alama. Tuliuliza Kawangware, tukauliza Kibera, mwenyewe hakuonekana. Tumeitunza miaka hii yote, na chai mnayoinusa kutoka hapo nje imepikwa ndani yake. Mama, kama uko hapa na unaijua, njoo uichukue, ni yako. Ila tuwaache kwanza watu wanywe.