Mtoto wa Kwanza wa Mama Sindano

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi nzito ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye kwangu mimi ni mama mkwe, na kwa waliofanya naye kazi ni Mama Sindano.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1941, binti wa pili wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, akaanza shule mwaka 1949 na kuiacha akiwa darasa la sita, mama yake alipofariki na wadogo zake wakabaki bila wa kuwapikia.

Mwaka 1959 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, akashona mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1996, na humo ndimo alimopata jina la utani, kwa sababu sindano yenye uzi haikukosekana kifuani mwake, hata siku ya harusi yake alikutwa nayo.

Alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1961 na dereva wa lori, mtu mpole aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia, wakaishi pamoja mpaka mzee alipotutoka mwaka 1988. Kwa miaka mingi sote tulijua kwamba Mungu aliwajalia watoto wanne. Leo familia imeniomba niseme watano.

Tarehe 7 Agosti 2009, mimi na mume wangu, ambaye ni kitinda mimba wake, tulimpoteza binti yetu siku ileile aliyozaliwa, na waliokuja kunipa pole, kwa nia njema kabisa, waliniambia nijikaze, bado kijana, nitapata mwingine. Mama alikuja, akafunga mlango, akavua viatu, akapanda kitandani na kulala kando yangu kama dada. Akaniuliza, "Mwanangu, mlimpa jina gani?" Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza. Nilipomtajia alilirudia taratibu, kisha akaniambia kwamba mwaka 1963 naye alimzika mtoto wake wa kwanza, msichana, watu wakamkataza kumtaja, akatii kwa miaka arobaini na sita.

"Mimi walinifunga mdomo," alisema, "wewe usikubali. Mtaje. Ukitaka kulia, lia, ukichoka tutakula."

Jioni ile aliwaita wanawe sebuleni, watu wazima wenye mvi, akawaambia kwamba walikuwa na dada.

Tangu hapo wanawake waliofiwa na watoto walikuja kukaa naye uani, wengine wakiwa na umri wa wajukuu zake, na hakumhubiria mtu, alisimulia tu yaliyompata yeye, wakaondoka wamenyooka mgongo.

Tarehe 2 Februari 2022 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakampotea kabisa, lakini wageni hawakupungua, walimweleza yao naye akawashika mkono mpaka wamalize. Aliaga dunia asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, katika wodi ya wanawake, mwanawe wa mwisho akiwa amemshika.

Juzi tulipokuwa tukibishana tumlaze upande gani wa mzee, mume wangu alisema bila kufikiri, "Si tumuulize Mama?" Tukatazamana, kisha nyumba nzima ikaangua kilio.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomgeuza kitandani sisi tukiwa kazini, na wastaafu wenzake mliofika hapa kwa mikongojo, jua lote hili. Wenye wazee nyumbani, mkirudi leo kaeni nao kidogo, msiwe na haraka ya kuondoka.

Mama, tulidhani tumekusikiliza vya kutosha, kumbe ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza. Umechoka, pumzika sasa, na amani iwe nawe huko uliko.