Daktari Alisema ni Vita

Basi letu la kwenda Bwiza, mtaa wa Bujumbura, lilikwenda polepole, lakini maneno ya mama aliyekaa mbele yangu yalikwenda mbio.

"Dada, natoka kwa docteur," alimwambia jirani yake wa kiti, asiyemjua. "Nikamuambia: tangu utoto nasahau sufuria ku moto, naanza kazi zote, simalizi hata moja. Nilisikia kuko ugonjwa kama hiyo. Akasema ni ya watoto wanaume wa ku masomo. Mi, eti yangu ni vita tu."

"Vita inaharibu vichwa," jirani akasema.

"Mi niliharibika kabla ya vita! Docteur akauliza jina. Nikasema Mwavita. Akacheka: 'Si unaona?'"

Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari akataka vitambulisho. Mwavita akapekua mkoba, akatoa mwiko wenye ugali mkavu.

"Na hii," akamuuliza jirani, "ni vita pia?"