Mhandisi Eliakim, Mota Iliyoungua na Jani la Isale

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mhandisi Eliakim wa Rau. Tunamlilia, ndiyo, lakini tumeshusha pumzi. Mtaona kwa nini.

Eliakim alifundisha uchenjuaji wa madini. Swali lake lilikuwa moja: kuvunja na kusaga jiwe kunakula nguvu kiasi gani? Nadharia ya Kick inasema kila ukipunguza jiwe kuwa nusu, nguvu ni ile ile. Ya Rittinger inasema nguvu hufuata uso mpya unaofunuka jiwe likivunjika. Ya Bond imekaa katikati.

Mdogo wake, Jesse, alifungua mtambo wa kusaga mawe ya chokaa Kiboriloni. Nani mwingine angempigia hesabu ya mota? Kaka akapiga, kwa nadharia ya Kick. Mota ikaungua. Narudia, mota ikaungua. Eliakim akamlaumu fundi aliyeifunga. Tangu hapo Jesse hakumpa shikamoo, hata kanisani.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua Eliakim. Kufa hakukumtisha. Alichoogopa ni kufa hawajasemezana. Akairudia hesabu kitandani, akaliona kosa, na lilikuwa lake.

Mkewe, mama Aikande, anasimulia: "Aliniomba ulezi kiganjani. Halafu akakata isale."

Isale, ndugu zangu, ni lile jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hukatai.

Alimkuta Jesse mtamboni. "Mdogo wangu, kupasua punje hii ya ulezi ni mara moja. Kuifanya unga ndiko kunakochosha. Kick anafaa kwenye mawe makubwa. Wewe unasaga mawe hadi unga, kwa hiyo ilikuwa kazi ya Rittinger, inayodai mota kubwa zaidi. Nimekosa mimi, siyo fundi."

Jesse alilipokea jani kwa mikono miwili. "Mota niliisamehe zamani. Kumsingizia fundi wa watu ndiko kulikoniuma." Kisha akamwamkia: "Shikamoo, kaka."

"Siku hiyo mume wangu alimaliza kiburu chote, ndizi zake na maharage," anasema mama Aikande, "akaulizia kingine."

Mota kubwa zaidi ikafungwa. Eliakim aliigusa kwa kiganja, haikuwa na joto la kutisha. Mwezi uliofuata akatutoka. Jesse aliuzima mtambo kwa ajili ya maziko. Mama Aikande akamwambia auwashe: "Ukinguruma, najua ndugu hawa wanaongea."

Mama Aikande, Jesse na ukoo mzima, poleni sana. Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu hujasemezana naye, usingoje moyo ukusumbue. Isale haliko mbali. Limeota mpakani mwa kihamba chako, shamba lile la ukoo.